Alhamisi ya Mkwe na Mkamwana

Miaka thelathini na moja nilipima majani ya chai kiwandani, na mizani yangu haikukosea hata jani moja. Siku niliyostaafu ililia, ndiyo maana ina kutu mpaka leo. Kwa hiyo watafiti wa Mbeya walipotafuta mratibu wa utafiti wao hapa Rungwe, walijua pa kubisha hodi.

Utafiti wenyewe ni wa watu waliopatwa na kiharusi wakapoteza maneno. Akili ipo, ulimi upo, lakini neno likiitwa haliji. Wataalamu wanaita afasia. Vituo ni vitatu, Tukuyu mjini, Nkunga na Suma, na kazi yangu ni kuhakikisha wagonjwa, kadi za picha, gari na fomu vinakutana mahali pamoja siku moja. Fomu za ridhaa ni nyingi mno. Mbuzi wa jirani alikula kumi na mbili, na tangu hapo hakubali kufungwa kamba kabla hajasomewa haki zake.

Gari ni moja. Nikabuni ratiba: watu wa nyumba moja, siku moja. Mbeya wakanisifu kwa barua pepe, nami nikaibandika ratiba ukutani, pale palipokuwa na picha ya harusi yangu. Mke wangu hakunisemesha siku tatu.

Ratiba hiyo ndiyo iliyotaka kumponza Tusekile wa Suma.

Masharti yalikuwa hivi: anayetaka kuingia kwenye miezi sita ya mazoezi ya kuzungumza lazima kwanza ataje walau picha tano kati ya ishirini. Anapewa nafasi mbili. Mara ya kwanza Tusekile alipata sifuri. Alhamisi ile ilikuwa ya pili na ya mwisho, na mumewe, Lutufyo, alinikuta barazani koti likimchuruzika maji.

"Karani, huyu mwanamke nyumbani anasema! Machache, ndiyo, lakini jana kanitukana."

"Kakuitaje?"

"Aa, hilo usiliandike. Ila lilikuwa limekamilika." Akashusha sauti. "Mazoezi haya akiyakosa atabaki hivyohivyo. Nimechoka kugombana peke yangu."

Nikaingia. Chumba tulichoazimwa na kanisa tulikuwa tumekigawa kwa pazia. Upande huu Imakulata, binti wa Sumbawanga anayeongoza mazoezi, alikuwa ameinua picha ya ndizi. Tusekile, mama wa miaka sitini na kitu, amejifunika kanga hadi puani, anatazama ukuta.

"Mama, hii nini?"

Macho ukutani. Imakulata akainua picha ya jembe. Macho ukutani.

"Babu," Imakulata akaninong'oneza, "niandike sifuri tena?"

Hapo nikaona, chini ya pazia, ncha mbili za gambuti. Nazijua gambuti zile. Za Mzee Ambindwile, baba mzazi wa Lutufyo, naye kiharusi kilimpata mwaka jana. Alipimwa asubuhi, akabaki kulingoja gari. Nyumba moja, siku moja, na mara ya kwanza ilikuwa vivyo hivyo!

Nilijipiga paji la uso hadi kengele ya kanisa ikaitikia. Kwetu, mwanamke wa umri wa Tusekile hamtazami baba mkwe wala hatoi sauti mbele yake. Mabinti wa leo wanapiga naye selfi, lakini hawa wawili wameishi shamba moja miaka arobaini na moja, na mzee hajawahi kusikia sauti ya mkamwana wake. Na mimi, Mnyakyusa mzima, nimewatenganisha kwa kitambaa!

"Usiandike kitu, mjukuu wangu. Kosa ni langu."

Nikazunguka pazia. Tangu augue, Mzee Ambindwile alibakiwa na neno moja tu: chai. Salamu yake chai, hapana yake chai, hata amina yake kanisani ni chai. Nilipomnong'oneza jambo lenyewe akaruka kama aliyekalia siafu, akanyakua mwavuli, akatokea mlango wa nyuma, akasimama kwenye migomba, mgongo kwetu.

Ndani, kanga ikashuka.

"Ndizi," akasema Tusekile, polepole, kama anayevuta ndoo kisimani. "Jembe. Ng'... ng'ombe. Mvua."

Nne! Halafu picha zikapita, moja baada ya nyingine, bila neno. Ikabaki ya mwisho: kikombe kinachofuka mvuke. Midomo ikahangaika. "Ki..." Likapotea. Imakulata akashika kalamu. Mimi nikashika ukuta.

Nje, Lutufyo akapaza sauti kutoka barazani: "Baba, unalowa! Rudi ndani!"

"Chai!" mzee akajibu, kwa sauti iliyofika Kyela.

Tusekile akageukia dirisha.

"Si chai! Kikombe!"

Kanga ikarudi puani kwa kasi. Mvua nayo ikasimama kusikiliza. Anayebisha aje Suma nimwoneshe iliposimama. Kisha tukasikia kicheko kutoka migombani. Mzee alicheka mpaka mwavuli ukapinduka, akajifuta macho, akajaribu mwenyewe: "Ki... kombe."

"Babu, si amesaidiwa?" Imakulata akauliza.

"Aliyetaka kumsaidia amekosea, naye kamsahihisha. Andika tano, mengine niachie."

Niliyaeleza yote kwenye nafasi ya maoni, kurasa tatu, pamoja na kosa langu. Mbeya wakakubali. Tusekile yumo, na Lutufyo sasa anagombezwa ipasavyo.

Lakini kwetu anayevunja mwiko huo hutoa kuku. Tusekile akatuma tetea kwa kuwa alipaza sauti. Mzee akatuma jogoo kwa kuwa alisikia. Kila mmoja akakataa cha mwenzake, na Lutufyo, aliyekuwa akiwabeba kuku huku na huku, akachoka, akawaleta wote wawili kwangu.

"Wewe si ndiye mratibu? Ratibu."

Nikaratibu. Jogoo Jumamosi, tetea Jumapili, wasije wakakutana. Ratiba hii mke wangu aliibandika mwenyewe, kando ya sufuria, na picha ya harusi imerudi mahali pake.