Kilengelenge Kwenye Mkono

Meli ilipomteremsha Nei Terengaiti kisiwani, zahanati ilikuwa mikononi mwa Ten Bauro kwa mwaka wa kumi na tisa. Watoto aliowachanja zamani sasa walikuwa wakimletea watoto wao. Nei Terengaiti, muuguzi, alikuwa ametoka kusomea kifua kikuu huko Tarawa, makao makuu ya nchi, na alikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini.

Asubuhi ya pili alifungua daftari. Kautu, mvuvi, alikuwa akimeza dawa za kifua kikuu. Watu kumi na mmoja wanaolala naye nyumba moja walikuwa wamechomwa mwezi uliopita sindano ya kupima kwenye ngozi, ambayo mwenye vijidudu vya ugonjwa huo huvimba pale ilipochomwa.

"Wote hawana kitu, kaka Bauro? Hata mmoja hakuvimba?"

"Hata mmoja. Mungu mkubwa."

"Uliwachomaje?"

"Kama kawaida. Sindano ilizama yote, wala hakuna aliyelia."

"Basi hujawapima."

Ten Bauro aliweka kikombe chake chini. "Binti, nawachoma watu wa kisiwa hiki tangu hujaota meno."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia humu ndani, si kwenye maneaba, ukumbi wa kijiji, mbele ya watu." Hakupandisha sauti wala hakuishusha. "Chanjo ya begani unaichoma wima, ipite ngozi, ipite mafuta, ifike kwenye msuli. Mama yako, dawa yake ya sukari, unabana kwanza nyama ya tumbo ili iishie kwenye mafuta. Si ndivyo?"

"Ndivyo. Ya mama yangu usinifundishe."

"Hii haifiki huko kote. Inakaa ndani ya ngozi yenyewe. Ikizama zaidi, ngozi haitakujibu kitu."

Akavuta maji ya chumvi kwenye bomba dogo la sindano, akalaza mkono wake juu ya meza. "Nichome mimi."

Mara ya kwanza sindano iliingia, maji yakaenda, na mkono ukabaki laini kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Umepita," alisema. "Ilaze kabisa, tundu la ncha ya sindano litazame juu. Tundu likishazama tu, simama hapo hapo."

Ten Bauro alijaribu tena, jasho likimtiririka shingoni. "Inagoma."

"Ikigoma ndiyo penyewe. Sukuma taratibu."

Kilengelenge cheupe kikainuka, kikubwa kama kifungo cha shati, vitundu vya vinyweleo vikionekana juu yake. Ten Bauro alikikodolea macho, akacheka kwa uchungu. "Kumbe nimepita nyumba nzima nikatokea uwani."

Alasiri ile walikwenda kwa Kautu, na Ten Bauro ndiye aliyesema. "Kipimo kile nilikosea. Leo naanza upya, mkono wa pili."

"Ukikosea tena," alisema mama mkwe wa Kautu, akinyoosha mkono wake wenye ngozi nyembamba kama karatasi, "na mimi nakuchoma, tena kwa sindano ya kushonea makuti!"

Watu wakaangua kicheko. Vilengelenge tisa viliinuka mara moja. Viwili alivirudia bila kuambiwa.

Siku ya tatu walirudi na rula. Wanne walikuwa wamevimba, na uvimbe mkubwa kuliko wote ulikuwa wa Meere, binti wa Kautu, mwenye miaka minne. Alikuwa amekonda, na nyumbani walidhani ni minyoo. Kautu alijifunika uso kwa viganja. Ten Bauro naye hakuweza kumtazama.

"Tumemwahi," Nei Terengaiti alimwambia Kautu. "Kwa ndege ya Alhamisi anakwenda Tarawa kupigwa picha ya kifua. Dawa zipo, na atapona. Kaka Bauro, andika: milimita kumi na nne."

Ten Bauro aliandika. Picha ilionyesha doa, Meere akaanzishiwa dawa, na kabla ya miezi miwili kwisha alikuwa anapigania samaki na kaka zake kwenye sahani moja.

Lakini Ten Bauro hakusubiri picha hiyo. Jioni ile ile ya rula aliwaandikia barua wakubwa wake Tarawa kueleza kosa lake, akatia jina lake chini. Kisha akavuta daftari la miaka miwili iliyopita na kuzungushia duara kila familia aliyoipima kwa njia ile ile.

"Ni nyumba saba," alimwambia Nei Terengaiti. "Kesho tunaanza na ipi?"