Viazi Vidogo vya Rapelang

Ntate Mokhachane, mkaguzi wa mbegu, alihesabu mimea mia nne katika shamba langu la viazi. Alitembea kati ya matuta bila kugusa hata jani. Mimea saba ilikuwa na virusi: majani yamejikunja, yana mabaka ya kijani kilichopauka. Kiwango cha mwisho ni minane.

"Ing'oe hii saba leo. Nitarudi baada ya wiki tatu," alisema. "Ikizidi minane, unajua."

Nilijua. Mwaka uliotangulia nilishindwa. Anayeshindwa miaka miwili mfululizo huondolewa kwenye orodha ya wakulima wa mbegu wa Mokhotlong, na viazi vyake vinakuwa vya kupikwa tu kama vya mtu yeyote. Niliacha kufundisha sayansi kwa ajili ya orodha hiyo.

"Halafu yote saba iko upande mmoja," aliongeza. Hakunyoosha kidole. Upande ule, hatua kumi na mbili kutoka tuta langu la mwisho, lilikuwa shamba la Rapelang, mume wa marehemu dada yangu Matlotliso. "Mimea migonjwa ya pale nayo ing'olewe. Na nikirudi nitauliza viazi vyake vimekwenda wapi. Mmea mgonjwa huzaa kiazi kigonjwa. Vikibaki bondeni vikisubiri kupandwa, siandiki jina lako."

Nilimkuta Rapelang mlangoni kwake, blanketi mabegani, akila mahindi ya kuchoma.

"Shemeji, shamba lako linaumwa."

"Linaumwa na linazaa?"

"Linazaa vidogo."

"Vidogo ndiyo mbegu. Vikubwa unakula, vidogo unapanda. Mwalimu mzima, hata hilo hujui?"

Nilimweleza kwa mara ya tano katika miaka minne. Mmea wenye virusi huzaa viazi vidogo. Anayekula vikubwa na kupanda vidogo kutoka shamba lenye ugonjwa anachagua wagonjwa kwa mkono wake mwenyewe, na yeye alikuwa amewachagua kwa miaka kumi na mmoja. Vidukari wanafyonza utomvu kwake, upepo unawaleta kwangu, wanafyonza tena, na virusi vimeshafika. Dawa ya kupulizia haisaidii sana, kwa sababu kidukari huambukiza kabla dawa haijamuua.

"Huyo mdudu nimemwona," alisema Rapelang. "Hana hata meno."

"Hahitaji meno. Ng'oa yenye mabaka, shemeji. Nakuomba."

"Peke yangu? Kwa mgongo huu?" Alitema punje moja. "Tutaita letsema, majirani waje tung'oe pamoja. Nitapika pombe."

Lilikuwa jibu zuri kuliko nilivyotarajia. Siku nne baadaye watu kumi na sita, kila mmoja kutoka nyumba yake, walifika kabla ya jua kutoka, kama nilivyoomba, kwa sababu kwenye baridi vidukari hawaruki. Niliwagawia mifuko. Niliwaonyesha jani lenye mabaka na jani zima. Niliwaambia wang'oe polepole, mmea wote na viazi vyake, waingize mfukoni palepale, wasiuburute, wasiukung'ute, na mtu yeyote asikanyage shamba langu.

"Tupumue?" aliuliza 'Mè Malebusa, mama mmoja jirani.

"Mpumue."

Nilivyoona mimi, walifanya kila kitu nilichosema. Waliimba, waling'oa, wakafunga mifuko. Nilihesabu mifuko thelathini na mmoja. Walipokwenda kunywa pombe nilibaki nikimwaga mifuko kwenye shimo nililochimba mwenyewe. Mfuko wa kwanza ulikuwa na majani, mashina na mizizi. Wa pili vivyo hivyo. Katika mifuko yote thelathini na mmoja hapakuwa na kiazi hata kimoja.

Nilikwenda kwa Rapelang. Wageni walikuwa wamekwisha kuondoka.

"Viazi viko wapi?"

"Wameondoka navyo."

"Nani kawaruhusu?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa nani kaliruhusu jua. "Tangu lini mtu akatoka letsema mikono mitupu?"

Hivyo ugonjwa uliokuwa katika shamba moja sasa ulikuwa katika nyumba kumi na sita, umefungwa kwenye aproni na kuwekwa gizani hadi msimu wa kupanda. Nilianza kupita mlango kwa mlango. Mlango wa kwanza ulikuwa wa 'Mè Malebusa.

"Mwalimu, umekuja kudai zawadi ambayo hata si wewe uliyenipa?"

"Vina ugonjwa, 'Mè."

"Nikivila nitakufa?"

"Hapana. Havimdhuru mtu kabisa."

"Basi vina afya kuliko mume wangu."

"Tatizo si kula. Tatizo ni kupanda."

"Vidogo hivi nani atakula? Hivi ni vya kupanda."

Nyumba ya pili walinijibu hivyo hivyo. Ya tatu walinipa maziwa ya mgando na kunisifu kwa bidii. Ya nne mzee mmoja aliniuliza kama pale shuleni tulikuwa tukiwanyang'anya watoto zawadi. Nilikuwa njiani kwenda ya tano nilipoona kwamba nilikuwa nikirudia sentensi moja bila kuisikiliza: tatizo si kula.

Jumamosi nilichinja kondoo. Nilitangaza kwamba nyama ni yangu na viazi ni vyao: kila nyumba ilete vyake vya letsema, vyote, tule pamoja. Nilisimama kando ya chungu na orodha ya majina. Walikuja wote kumi na sita, na kila aproni niliikagua mpaka mshono wa mwisho.

"Angekuwa polisi huyu," alisema 'Mè Malebusa, "wezi wa ng'ombe wangehama nchi."

Rapelang, aliyekuwa wa kumi na saba kwenye orodha kwa kuwa mwenye shamba hakosi fungu lake, alifika wa mwisho na beseni. Viazi vyake vilikuwa vikubwa kama ngumi, laini, vimeoshwa vikang'aa.

"Hivi ni vya shambani kwako?"

"Ndiyo."

"Shemeji, shamba lako lina miaka saba halijazaa kiazi cha ukubwa huu."

"Mvua ilikuwa nzuri."

"Mvua iliviosha pia na kuviweka dukani?"

Watu walicheka. Rapelang alichukua ubavu wa kondoo, akakaa, akala kwa utulivu.

Ntate Mokhachane alirudi siku aliyoahidi. Alihesabu mia nne, akapata minne. Kisha akauliza swali la pili. Rapelang alikuwa amesimama kwenye mpaka.

"Vimeliwa," alijibu upesi.

Mkaguzi alinitazama. Neno moja, "ndiyo", lingetosha.

"Vya nyumba kumi na sita vimeliwa," nilisema. "Vya nyumba ya kumi na saba havikuliwa. Mwenyewe ni huyu."

Kalamu ilisimama.

"Unaniuza, mwalimu?"

"Najibu swali."

"Ile mbegu ni ya dada yako. Aliipanda kwa mkono wake."

"Dada yangu aliinunua sokoni Butha-Buthe, akalalamika njia nzima kwamba ni nzito. Na hakupenda viazi."

Rapelang alifikiri kidogo. "Kweli, hakupenda," alisema. Kisha: "Na mimi mwezi wa kumi nitapanda nini? Mawe?"

"Nitakupa mbegu yangu. Mfuko mzima."

Alikwenda nyumbani bila haraka yoyote, akarudi na debe lililojaa viazi vidogo. Tulivichemsha palepale uani kwangu. Ntate Mokhachane alikula vitatu kwa chumvi, akapangusa vidole, akaandika jina langu.

Nilipovuna, Rapelang alikuja kuchukua mfuko wake. Nilimwambia achague mwenyewe kwenye lundo. Alipiga magoti saa nzima. Kila kiazi kikubwa alichokishika alikipima mkononi, akatikisa kichwa, akakirudisha. Mfuko wake ulijaa vidogo, vyote kama mayai.

"Vidogo ndiyo mbegu," alisema, akiinuka kwa shida.

Nilifungua mdomo. Katika shamba lisilo na ugonjwa, kiazi kidogo ni mbegu nzuri sawa na kikubwa, na mfuko mmoja wa vidogo hupanda matuta mengi zaidi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja alikuwa sahihi.

Nilimshikia mfuko akaufunga, wala sikumwambia.