Ukoko wa Kitinda Mimba

"Usikwangue bado, sufuria ina moto," Roselida alisema, na Nabwire akarudisha kijiko chake katika mfuko wa sweta ya shule.

Malori yalikuwa yamelala foleni tangu jana, pua ya moja kwenye mkia wa jingine, kutoka geti la mpaka hadi kupita kituo cha mafuta. Malaba nzima huilaani foleni hiyo. Roselida huiombea kimya kimya kanisani, maana dereva aliyekwama ni dereva mwenye njaa, na dereva mwenye njaa hufuata harufu. Kibanda chake kiko karibu kiasi kwamba mtu anaweza kuagiza bila kushuka. Wali wake wa maziwa hauna siri kubwa: mchele, maziwa, iliki kidogo, sukari ya kumwamsha mtu, na mwiko usiotulia. Akiacha kukoroga maziwa yanashika chini, na yakishika chini wali wote unanuka moshi. Basi hukoroga, huku akisalimia watu, akirudisha chenji na kufukuza kuku.

Lakini mwishoni kabisa, madereva wakishapata vikombe vyao, huutoa mwiko makusudi. Wali uliobaki hukauka taratibu, huwa mwekundu, halafu kahawia, na kutoa harufu inayowafanya watu wazima wameze mate kama watoto. Huo ndio ukoko, na ukoko wa Roselida hauuzwi.

"Mama Brayo, nitalipa ya kikombe mbili, nipe tu hiyo ya chini," alisema Emojong, dereva wa lori la saruji ambaye hulirudia ombi hilo kila safari.

"Hiyo iko na mwenyewe."

"Huyu? Tumbo yake ni ndogo hivi, ukoko yote itaenda wapi?"

"Muulize yeye."

Nabwire hakuwa na nafasi ya maswali. Sufuria ilikuwa imepoa, naye alikuwa ameinama ndani, mashavu yakicheza. Ukoko hakuwahi kumgawia mtu, na hakuna aliyetarajia.

Mtoto huyu alizaliwa na Selpher, mdogo wake Roselida. Selpher aliondoka kwenda Doha kulea watoto wa watu wakati mtoto wake mwenyewe hajaota meno. Kwao Namboboto dada ya mama ni mama, kwa hiyo Nabwire alipojifunza kusema na kumwita Roselida "Mama," nani angemsahihisha? Majirani walisema kuzaa si kazi, kazi kulea, na Roselida alicheka akaona ni haki yake kusifiwa kidogo. Tatizo lilikuja na simu. Kila Jumapili mwanamke mwenye kitambaa kichwani alitokea kwenye kioo, akacheka, akalia, akauliza mambo ya shule. Nabwire, asiyependa kitu kikae bila jina, alimwita Anti wa Simu. Mara ya kwanza Selpher alicheka. Baadaye aliacha kucheka.

Na sasa alikuwa anarudi. Kabla ya Krismasi angefungua saluni Nambale na kuishi na mwanawe.

"Dada, sitaki mnichinjie kuku," alikuwa amemwambia Roselida. "Nataka tu nikishuka kwa gari, aniite Mama. Hata mara moja."

"Ataita," Roselida alijibu. Kisha akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

Alimpenda mdogo wake. Pia alimpenda yule mtoto kwa namna ya kumfanya mtu awe mwizi. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia Nabwire kuhusu mama yake, akayaahirisha wiki baada ya wiki. Mtoto ana mtihani. Mtoto ana homa. Mtoto amelala.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alikuja Akoth, aliyefanya kazi jengo moja na Selpher na sasa amerudi kwao. Alibeba mfuko uliofungwa kwa leso, na ndani ya leso kulikuwa na vikopo vya plastiki vyenye vifuniko vya karatasi inayong'aa.

"Ni mchele ya maziwa," Akoth alisema. "Imepikwa tayari, unafungua tu. Watoto wa ile nyumba hukula hii kila jioni. Selpher anawafungulia, na kila akifungua, anasema, 'Wangu hajawahi kuonja.' Ameniambia Nabwire aonje kabla hajapiga simu."

Akoth hakukaa, gari la Nambale lilikuwa linajaza. Familia ikazunguka meza katika chumba kilicho nyuma ya kibanda. Okwara, mume wa Roselida, fundi wa pancha mwenye mikono isiyotakata hata Jumapili, aliinua kikopo chake akakichungulia kwa chini.

"Na haina moto?"

"Inakulwa baridi, mzee," alisema Brayo, kijana wao wa bodaboda anayejua kila kitu. Akalamba kijiko. "Si mbaya. Ni kama mchele imepotelea ndani ya yoghurt."

Okwara alimeza, akafikiri. "Hii ni chakula ya mtu ametoka kwa upasuaji."

Roselida alionja. Ulikuwa mweupe, laini, mtamu sawasawa kutoka juu hadi chini. Hakuona mkono wa mtu humo. Akamtazama Nabwire.

Mtoto alichota kijiko kimoja, akakiweka mdomoni, akakaa nacho. Halafu, kabla ya kula zaidi, alipenya na kijiko hadi chini akakwangua. Plastiki ikalia. Akainua kikopo, akachungulia.

"Haina ukoko."

"Imepikwa na mashine," Brayo alimweleza.

"Basi sitaki." Akakisukuma kikopo katikati ya meza. "Ya Mama ndiyo nataka."

Roselida alifurahi. Tuseme ukweli: alifurahi kama mtu aliyeokota simu barabarani, kisha ikalia mkononi mwake. Kwa maana alijua ni nani atakayepiga muda si mrefu, na atauliza nini kwanza.

Alijikumbuka yeye na mdogo wake jikoni kwa mama yao, Namboboto. Pale ukoko ulikuwa wa kitinda mimba, na kitinda mimba alikuwa Selpher. Roselida, kifungua mimba, alipewa mwiko. Alikoroga mpaka bega likauma, na ukoko ulipoiva mama alisema, "Muachie mtoto." Akaachia. Alipokuja kupata sufuria yake mwenyewe alikuwa amezoea kuachia, na ukoko ukaenda kwa Brayo, kisha kwa Nabwire. Hakujua hata ladha yake.

Akasimama. Akakusanya vikopo vyote, vilivyofunguliwa na vilivyofungwa, akamimina vyote katika sufuria yake nyeusi, akapuliza jiko.

"Mama Brayo, unapika chakula imeiva?" Okwara aliuliza.

"Haijaiva."

Wali ulianza kutoa mapovu. Mkono wa Roselida ulishika mwiko wenyewe, ukakoroga raundi moja, mbili. Angeweza kuendelea. Wali ungebaki mweupe, mtoto angekataa tena, na mambo yangebaki yalivyo mpaka Krismasi na hata baada yake. Mkono haukutaka kusimama. Akautoa mwiko kwa nguvu, akauweka mezani, akakunja mikono kifuani akaishika.

Ikachukua muda. Kisha harufu ikaja, ile ile. Nabwire, aliyekuwa amenuna mlangoni, akageuza shingo na kutoa kijiko.

Roselida alimpa Okwara na Brayo wali wa juu, akaipoza sufuria ndani ya beseni la maji, akamwekea mtoto mapajani.

"Nani alipika?" Nabwire aliuliza, mdomo umejaa.

"Mama yako."

"Wewe?"

"Yule wa simu." Akaiweka sawa sufuria mapajani mwa mtoto. "Huyo ndiye mama yako. Alikuzaa, akaenda kukutafutia. Mimi ni mama yako mkubwa."

Nabwire alilifikiria jambo hilo huku akikwangua. "Na yeye anajua ukoko?"

"Ukoko ni yake toka zamani. Mimi nilifundishwa tu kukoroga."

Simu ikalia. Brayo akaishika juu ili mtoto aonekane, na Selpher akatokea, kitambaa kichwani, macho yakimtangulia.

"Amekula?" aliuliza kabla ya salamu.

"Si umuone," alisema Brayo.

Selpher aliona sufuria nyeusi, akaona kahawia kwenye kijiko. Alijua vizuri kuwa vikopo alivyotuma havina kitu cha namna hiyo. Akamtafuta dada yake kwenye picha, akavuta ncha ya kitambaa mpaka mdomoni.

"Dada," alisema. "Dada, wewe..."

"Wacha. Ongea na mtoto."

Lakini mtoto alikuwa na kazi. Aling'oa kipande kikubwa cha mwisho, akakivunja katikati. Kimoja akabaki nacho. Kingine, bila kugeuka, akakinyoosha pembeni, mpaka kikagusa mkono wa Roselida. Roselida alikipokea bila kujua la kufanya nacho.

"Mama," Nabwire aliita.

Mdomo wa Roselida ulikuwa umekwisha kufunguka. Ungejibu, kama ulivyojibu kila siku. Akatia ukoko ndani, akauma. Ulikuwa mgumu, mchungu pembeni, halafu mtamu. Akatafuna polepole ili usiishe, na ndani ya simu, kutoka mbali, sauti nyingine ikaitika.

"Eeh, mwanangu. Niko."

"Huko kwako iko ukoko ingine?"

Nje, injini ziliwaka moja baada ya nyingine. Foleni ilikuwa inasogea.