Meza ya Nyuma ya Pazia

Siku hizi mteja akiingia hotelini kwangu haulizi kuna nini cha kula. Anauliza waifai. Akishapewa nywila anazunguka kutafuta pembe yenye mwanga, anaipiga picha chai, anajipiga picha yeye na chai, halafu anakuja kulalamika kwamba chai imepoa. Mimi Sada nimewapikia watu wa Bukoba miaka mingi, nimetukanwa na walevi na kudharauliwa na mabwana afya, lakini hakuna walionichosha kama hawa.

Aliyeniletea haya yote ni Zahoro, mtoto wa dada yangu. Alimaliza chuo Mwanza, kazi hakupata, nikamwambia aje tusaidiane. Nilidhani atakata vitunguu. Akaja na taa ya duara ya kupigia picha. Ukutani akachora mbawa kubwa za malaika ili watu wasimame katikati wapigwe picha. Viti vyangu vya kuegemea akavitoa, akaweka vibenchi vifupi ambavyo mzee akishaketi hanyanyuki mpaka ashikwe mikono. Ndizi na samaki sasa zinapakuliwa juu ya kibao, mchuzi unawamwagikia watu mapajani. Nikisema, ananijibu, "Mama mdogo, watu wanakula kwa macho kwanza." Basi wangeshibia huko huko machoni, wakaniachia meza zangu.

Yote hayo niliyameza. Kilichonikaa kooni ni pazia.

Nyuma kabisa, karibu na jiko, palikuwa na meza moja iliyofichwa kwa pazia la kitenge. Kila mji una watu wanaotaka kula bila kuonekana. Alikuwapo mwalimu aliyekatazwa nyama na daktari, na fundi mmoja aliyekuwa akimwambia mkewe kwamba anashinda njaa. Sikuwauliza kitu. Lakini mwenye meza ile hasa alikuwa Mama Jovita, mwanamke mtu mzima wa Kamachumu, kule Muleba. Kila alipokuja mjini kliniki ya macho alipita kwangu, akaketi nyuma ya pazia, nami nikampelekea sahani ya senene, wale panzi wa msimu, waliokaangwa.

Kwa Wahaya wa zamani, senene walikuwa chakula cha wanaume. Mwanamke anawakamata, anawanyonyoa mbawa na miguu, anawakaanga, anampelekea mumewe, basi. Leo wasichana wanawatafuna barabarani na hakuna anayegeuza shingo, lakini Mama Jovita aliolewa na mzee Lwakatare, kwenye nyumba ambayo mila inashikwa kwa mikono miwili. Amemkaangia mumewe tangu alipoletwa bibi harusi, na hajawahi hata kulamba kidole mbele yake. Kwangu aliwala taratibu, mmoja mmoja, na mara nyingine nikiwa jikoni nilimsikia akicheka peke yake. Nilikipenda sana kicheko kile.

Siku moja nikaenda Kemondo kununua samaki. Kurudi, pazia hakuna. Zahoro akanieleza kwamba lilikuwa linaifanya hoteli ifanane na kwa mganga. Kabla sijamaliza kugombana naye, Mama Jovita huyo mlangoni, amechoka na safari. Ningemwambia nini? Nikapanga kreti za soda zikawa kama ukuta, nikamketisha akitazama jiko, nikampa sahani yake. Kisha nikarudi kwenye samaki wangu.

Zahoro akamrekodi. Hakuwa na ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu mwenye ubaya unajua pa kumshika. Sisi ni watoto wa mjini, babu zetu walikuja huku na biashara kutoka pwani, na Kihaya cha Zahoro ni cha kusalimia tu. Alimwona bibi anakula senene kwa raha, akadhani ameona mila. Akairusha video mtandaoni na maneno juu yake: "Bibi akienzi utamaduni wa Kihaya." Mwanamke kasafiri kutoka Muleba kuja kujificha mila isimwone, mtoto anamtangaza kuwa ndiye mlinzi wake.

Nilipojua, walishaitazama watu wengi kuliko wanaojaa uwanjani siku ya mpira. Nikamwamuru aifute. Akaifuta, amenuna, lakini wenzake walishaichukua na kuitia muziki. Muda si mrefu wageni wakaanza kuja kutoka Mwanza wakiuliza bibi alikaa wapi, ili nao wakae hapo hapo. Nikakaanga senene mpaka nguo zikanuka, na kila sahani ilinitia hasira. Siku ya kliniki ikafika, Mama Jovita hakuja. Iliyofuata, hakuja.

Nikapanda gari la Muleba. Njia nzima napanga maneno ya kumwomba radhi, na kichwani namwona Mzee Lwakatare amemfukuza mkewe uzeeni.

Nilimkuta mzee barazani, anacheka. Akanikaribisha kwa akamwani, zile punje za kahawa za kutafuna, na akanishukuru. Alisema aliyemwonyesha video ni mkamwana wake, Joanitha. Alikasirika, hakuficha, lakini watoto wake walioko Dar es Salaam wakapiga simu wakamwambia aache ushamba, familia imeshakuwa maarufu. Basi akamruhusu mkewe kula senene, tena mezani, pamoja naye, kila wakikaangwa. Padri amemsifu. Majirani wanamsifu. Nikashusha pumzi, nikajiona nimehangaika bure.

Nikamfuata Mama Jovita jikoni. Alikuwa akigeuza senene kwenye kikaango. Nikamwomba radhi, kisha nikamwambia nimefurahi kwamba mambo yameisha vizuri. Hakuniangalia.

"Sada, uliwahi kuniuliza kwa nini nakula kwako?"

Nikasema sikuwahi.

"Ndiyo maana nilikuwa nakuja. Katika nyumba hii kila kitu nimepewa. Shamba nimepewa nilime. Kahawa nikiivuna, napewa hela ya chumvi. Senene wale nilijipa mwenyewe, na hakuna aliyejua. Sasa nao nimepewa."

Nikamwambia pazia nitalirudisha, hata kama Zahoro atahama, aje tu siku ya kliniki kama zamani.

"Nije kufanya nini?" aliniuliza. "Nimeruhusiwa."

Mzee akaita. Tukaketi, sahani ikawekwa katikati, na Joanitha akasimama na simu yake upande wa dirishani. Akamwomba mama mkwe asogee kidogo kwenye mwanga, atabasamu, kwa sababu kundi la familia linasubiri. Mama Jovita akasogea. Akatabasamu. Akala senene watatu, akamwambia mumewe wakola waitu, kama anavyomshukuru kwa kila kitu, kisha akaomba ruhusa aende kuwapa ng'ombe maji.

Nilitamani kuitupa simu ile kwenye kikaango. Sikuthubutu, kwa kuwa nilikuwa mgeni, na kwa kuwa simu ya kwanza kumrekodi ilitoka hotelini kwangu.

Mzee Lwakatare akaivuta sahani upande wake.

"Unaona, mwanangu," akaniambia. "Na kelele zote zile, kumbe mwenyewe hata senene hawapendi sana."