Perege Waliopelekwa Malishoni

Emilian alifika kwenye kituo chake cha samaki Baray na ndoo ya pumba, akakuta tanki lina maji matupu. Metui, mlinzi, alikuwa anapiga mswaki kwa kijiti.

"Perege wako wapi?"

"Nimewapeleka malishoni, mzee. Wale wanarudi."

Metui alikuwa Mmasai wa Endulen, na Emilian ndiye aliyemchagua, kwa majivuno makubwa: mtu asiyekula samaki hawezi kuiba samaki. Hakufikiria kwamba mfugaji hawezi kuacha mifugo imefungwa zizini mchana kutwa. Perege walirudi wakielea hewani, kimo cha kiuno, jike mkubwa akiongoza, wakaingia tankini. Emilian aliona wamenenepa, akajipongeza.

Hao ndio perege wa mwisho wa kijito cha pale. Kazi ya Emilian ilikuwa kuwatunza mpaka maji yatakaporudi, wapelekwe kwao. Wageni wakimuuliza maji yalikwenda wapi, alikohoa, akawaonyesha ndege.

Jumamosi alifuatana na kundi. Njiani Marsela, jirani yake, alisogeza beseni lake la vitunguu ili samaki wapite.

"Wanashuka kijitoni?" aliuliza Emilian.

"Wanakujua kwao," alisema Metui.

Kijitoni palikuwa na tope lililopasuka. Perege hawakusimama. Walifuata bomba mpaka kwenye shamba la vitunguu, wakatulia juu ya pampu iliyokuwa inanguruma kwenye chemchemi.

"Shamba la nani hili?" aliuliza Metui.

"La mume wa Antonia."

Antonia ni mke wa Emilian, na Metui alikuwa amekula kwake mara nyingi. Emilian aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Hata hivyo aliona pia kwamba vitunguu vimestawi vizuri sana.

"Ukizima hii, maji yanashuka?"

"Yanashuka."

"Basi zima, mzee."

"Nikishavuna," alisema Emilian, kwa ile sauti ya kuwahutubia wageni.

Alivuna. Akapanda tena, maana miche ilikuwa tayari kitaluni, na mtu mzima hawezi kutupa miche. Perege waliendelea kushuka kila asubuhi, na watu wa Baray walizoea kuwapisha.

Siku moja, Emilian akiwa anakwenda kuwasha pampu, jike mkubwa alikuja na vifaranga wake mdomoni. Akawaachia hewani, juu ya chemchemi, waone kwao. Walikuwa wamejazana mbele ya kamba ya kuwashia pampu. Emilian alivua kofia, akawaomba radhi kwa heshima zote.

Wakampisha, akavuta.