Dakika Nne za Tumu

Mie ni mtu wa hasira, na hilo silifichi. Mji wa Kale wote wanijua. Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa na duka la kukodisha kanda za video pale Kibokoni, na duka langu lilikuwa na sifa moja: filamu ikitoka kwa Mwanakuu, utaiangalia na baba mkwe wako amekaa kando, wala hutatafuta pa kuficha uso. Kila filamu niliiona mie kwanza. Penye aibu, naunganisha kamera na deki, naweka jagi la maua ya plastiki mezani, narekodi maua juu ya ile aibu. Aibu ya sekunde kumi, maua sekunde kumi. Aibu ya dakika, maua dakika. Watoto wa mtaa wamekua wakijua kwamba yakitokea maua, kuna watu wawili wamekaribiana zaidi ya inavyostahili.

Kwa hivyo iliposemwa kwamba yaja Sebuleni, huduma mpya ya video za mtandaoni, ya familia nzima, nilifurahi kuliko wenye nayo. Ingefunguliwa wiki mbili kabla ya Ramadhani. Bibi, mkwe na wajukuu, wote mbele ya runinga moja, hakuna wa kukohoa ghafla wala wa kujifanya aenda kunywa maji. "Kazi hiyo mie naifanya tangu hamjazaliwa," nilimwambia Kadzo, msichana waliyemtuma kukusanya kanda za zamani za pwani. Msichana mwenye adabu, Mgiriama wa Kaloleni, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nikampa katoni nzima, kanda thelathini na moja, na siku ile nilitembea kifua mbele hadi jioni.

Siku kumi baadaye akaja Nasiha na simu mkononi, anahema.

Nasiha ni mtoto wa ndugu yangu Zakariya. Mamake, Tumu, alikufa kwa homa Nasiha akiwa na siku arobaini tu, na nikamlea mie. Babake naye hakukaa sana, Mungu amrehemu. Sasa Nasiha ana miaka thelathini na mitatu, ni muuguzi, anaishi Tudor na mumewe. Picha za mamake anazo nne, amezitia fremu. Sauti ya mamake hajapata kuisikia hata siku moja.

"Shangazi, wametoa orodha yao! Hebu ona." Akaanza kusoma. Katuni. Mapishi. Visa vya Mitume kwa watoto. Chini kabisa, michezo ya zamani ya pwani. "Posa ya Ndia Kuu! Si ndio ule mchezo waliocheza baba na mama?"

"Ndio huo," nikasema.

"Na mama yumo? Anazungumza?"

"Yumo."

Akakaa chini palepale kizingitini, akalia na kucheka pamoja. Akaniuliza mbona sikuwahi kumwonyesha. Nikamwambia deki iliharibika angali mdogo, jambo ambalo ni kweli, lakini si kweli yote. Kabla hajanywa chai alikuwa ameshawapigia simu watu kumi na wanane waje kwake siku ya kwanza, awaonyeshe mamake. Mie nilikuwa nimeshika birika, nimesahau kumimina, kwa sababu nilikuwa nimeshakumbuka maua.

Jumatatu asubuhi Kadzo akanipigia simu. "Samahani, Bi Mwanakuu. Posa ya Ndia Kuu, dakika ya arobaini na moja, yaja maua. Dakika nne nzima ni maua tu. Wakubwa wangu wamesema mchezo wenye pengo namna hiyo hauingii. Kuna nakala nyingine? Mwisho ni Alhamisi."

Nikamwambia nitaangalia. Nikakata simu, nikakaa.

Basi sikilizeni nililolifanya, nisije nikajitia usafi. Ule mchezo Zakariya na rafiki zake waliucheza uani kwetu, kwa kamera ya kuazima. Zakariya alikuwa bwana harusi, Tumu bibi harusi, na walikuwa mume na mke wa kweli, ndoa halali ya mwaka mmoja. Tumu hana mahali pengine katika mchezo ule wote ila harusi yenyewe, mwishoni. Nikauangalia kama nilivyoangalia kila kitu. Ikafika pale Tumu anacheka, mtandio unamteleza, na ndugu yangu anaushika kwa mkono wake na kumrudishia kichwani. Basi. Hilo tu. Mimi nikaona watu wa mji mzima watamtazama mke wa ndugu yangu nywele wazi anashikwashikwa. Sikungoja hata kuona mwisho wa tukio. Nikarudisha kanda nyuma hadi pale anapotokea, nikaweka jagi mezani, nikabonyeza kitufe, nikaacha maua yaende hadi mwisho. Hakuna aliyeniomba. Zakariya aliponiuliza nilimjibu, "Utanishukuru." Hakunishukuru. Miezi kumi na mitatu baadaye Tumu akafa, nasi wote tukabaki na maua tu.

Nilitandika mswala nikasali, kisha nikainuka nikajiambia: Mwanakuu, kulia hakukupi kanda. Fikiri.

Nakala zilikuwa mbili. Moja ndiyo hiyo niliyoiharibu. Ya pili ilitoka dukani kwa makosa usiku wa kuamkia Idi, kabla sijaitia mkono, kukiwa na msongamano wa watu. Aliyeichukua ni Mwalimu Kiti wa Buxton, mwalimu wa umeme katika chuo cha ufundi. Nilipogundua nilipagawa. Mke wa ndugu yangu yuko Buxton, nywele wazi, katika nyumba ya watu nisiowajua! Nilimwendea mara mbili, nikamfokea mbele ya majirani. Alipokataa kuirudisha nikaandika ubaoni, nje ya duka, kwa herufi kubwa: KITI WA BUXTON, RUDISHA KANDA YA WATU. Ubao ule ulikaa mlangoni miaka kumi na mmoja. Watu walikuwa wanaelekezana nao njia.

Sasa huyo ndiye niliyekuwa namwendea.

Jumanne nikavaa buibui langu zuri, nikaenda Buxton. Nyumba zile za zamani hazipo tena, ni maghorofa mapya tu, na mlinzi wa getini hamjui Kiti yeyote. Nikauliza kwa muuza mboga, nikauliza kwa fundi viatu, nikauliza msikitini, nikauliza kanisani, ndio, mie Mwanakuu nilisimama mlango wa kanisa nikabisha hodi. Mama mmoja aitwaye Kanze, aliyekuwa akifagia, ndiye aliyenijibu. Mwalimu Kiti amehamia Tudor kwa binti yake, ghorofa ya nne, karibu na shule. Miguu yangu haipendi ngazi, lakini siku hiyo haikuulizwa.

Mlango ulifunguliwa na mkewe, Dama. Mama mnene, kanga kiunoni, mwiko mkononi. Akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Haya! Mwanakuu wa ubao!" akasema. "Bado u hai?"

"Ni mzima, dada. Nimekuja kwa shida."

"Umekuja kumwandika tena? Maana hapa ukuta upo, tena mweupe."

Nilimeza hasira yangu, na wallahi ilikuwa kubwa kuimeza. Nikamweleza kila kitu, palepale mlangoni. Mtoto, mama aliyekufa, maua, Alhamisi. Dama hakunikatiza. Nilipomaliza akaniingiza ndani, akanikalisha, akanipa chai na mahamri. Mwalimu Kiti alikuwa kwenye kiti cha dirishani, mzee kabisa, masikio yamekwisha nguvu.

"Kanda ipo," akasema Dama. "Haijaguswa tangu tuhame. Unajua kwa nini haikurudi? Sisi tuliiangalia mara moja tu, tukaipenda, na huyu bwana alikuwa anakuja kukurudishia Jumamosi yake. Ukaja kumtusi Ijumaa. Wanafunzi wake wakawa wanamwita Rudisha Kanda. Darasani! Mwalimu mzima! Akasema, kama ni hivyo hairudi mpaka aniombe radhi. Miaka thelathini na minne, Mwanakuu."

"Nakuomba radhi, mwalimu," nikasema.

"Ati nini?" akauliza mzee.

"Hasikii hivyo," akasema Dama. "Na wewe ulipomtangaza hukunong'ona. Fungua hilo dirisha."

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Mie naijua nafsi yangu. Siku nyingine yoyote ningeiacha chai yao mezani nikashuka zile ngazi. Nilimfikiria Nasiha kizingitini, analia na kucheka. Nikainuka, nikafungua dirisha, na kwa sauti niliyokuwa nikiitia watu wa mtaa wa pili nikasema, "Mwalimu Kiti! Mie Mwanakuu wa Kibokoni nilikukosea! Nilikuvunjia heshima yako bila haki! Nisamehe!" Chini barabarani dereva wa tuktuk akasimamisha chombo chake akatazama juu. Mama wa ghorofa ya pili akatoka na beseni la nguo.

Mzee akatabasamu, meno matatu. "Nimesikia," akasema. "Dama, mpe."

Ilikuwa kabatini, imefungwa kwa leso ya pamba, ndani ya mfuko wa nailoni. Ilikuwa na ukungu mweupe pembeni. Dama akanishika mkono mlangoni akaniambia, "Yule msichana alikuwa anacheka vizuri. Mie bado namkumbuka."

Nilikuwa na jambo moja tu lililobaki, nalo lilikuwa zito kuliko ubao. Nyumba ya Nasiha haikuwa mbali na pale. Nikaenda moja kwa moja, kanda kwapani, nikamwambia. Sikujitetea. Nilimwambia ni mimi niliyemfuta mamake, ni kwa mkono wangu, na miaka yote hii nilijua na sikusema.

Aliitazama kanda kwapani mwangu. Kisha akasema, "Nikiwa darasa la tano nilikuuliza mama alikuwa na sauti gani. Ukaniambia sauti nzuri. Hivyo tu, nzuri. Nami nikakaa nikijitungia sauti, Shangazi. Nimejitungia sauti ya mtu mzima mzima, na wewe ulikuwa nayo!"

"Niliitafuta sana kanda hii wiki hii..."

"Wiki hii!" akasema, akaingia chumbani na kufunga mlango. Mumewe akaniletea maji. Sikuyanywa.

Jumatano nilimpelekea Kadzo kanda, akampa fundi wao, naye akaifungua, akaisafisha ukungu kwa pamba na spiriti taratibu siku nzima. Alhamisi saa nne tulikuwa ofisini kwao, chumba kidogo chenye mashine na skrini mbili. Nasiha alikuja peke yake, na sare yake ya kazi. Aliniamkia kwa sababu nilimlea kwa adabu, kisha akakaa kiti cha mbali.

Picha ilikuwa na michirizi, lakini watu walionekana. Mchezo ukaenda. Wazee wa posa, mabishano ya mahari, yote nayajua kwa moyo. Dakika ya arobaini na moja ikafika, na mlango wa ua wetu ukafunguliwa, na Tumu akatoka.

Nilikuwa nimesahau alivyokuwa mrefu. Nilikuwa nimesahau kwamba alitembea kwa haraka. Akasema maneno yake ya bibi harusi, akakosea, akacheka, mtandio ukateleza, na Zakariya akaurudisha, kwa vidole viwili, kwa uangalifu, kama mtu anayefunika chakula. Hapakuwa na aibu yoyote pale. Nilitafuta, nakuapieni, sikuiona.

Tukio likaisha. Mtu akasema "Tayari!" lakini aliyeshika kamera hakuizima. Tumu akaja mbele mpaka uso wake ukajaa skrini, akanyoosha kidole.

"Mwanakuu!" akasema. "Nakujua wewe, hii utaikata. Haya, kata. Lakini sauti yangu nibakishie basi, eh?" Akacheka tena, na picha ikakatika.

Mie nilikuwa nimejiziba mdomo kwa buibui. Miaka thelathini na minne maneno yale yalikuwa yananingoja, na sikuwa nimeyasikia kwa sababu sikungoja kuona mwisho.

"Rudisha nyuma," Nasiha akasema.

Kadzo akarudisha. Tukasikiliza mara ya pili, na ya tatu. Mara ya nne Nasiha alivuta kiti chake, akakisogeza, ila si mpaka kwangu.

"Nilimtungia sauti nyembamba," akasema. "Kumbe ni nene."

"Nene," nikasema. "Akiita jikoni, wasikia barabarani."

Kadzo alikohoa kidogo. Saa zilikuwa zinakwenda, na alikuwa na fomu ya kujaza. "Bi Mwanakuu, mchezo wenyewe sasa umetimia, utaingia. Ila hiki kipande cha mwisho, anapozungumza na wewe, si sehemu ya mchezo. Kwa kawaida vipande vya hivi tunavitoa. Nikitoe au nikiache?"

Alikuwa ananitazama mimi. Watu wote siku zote, ikija habari ya nini kitolewe na nini kiachwe, hunitazama mimi, na mimi siku zote huwa na jibu.

"Usiniulize mie," nikamwambia. "Mwenye mama ni yule pale."

Nasiha alikuwa bado ameikodolea macho skrini, ambapo mamake amesimama na kidole kimenyooshwa na mdomo wazi.

"Kiache," akasema.