Mpira Uliopita Chini

Braima Galant alikuwa na magoti mawili, na yote mawili yalistaafu kabla yake. Alikaribia miaka arobaini, karani wa duka la vitambaa Salt River, na bado kila Jumamosi alirusha mpira, akapiga, akadaka. Mwamuzi angechelewa, hata kazi yake angeifanya. Katika timu za wasio Wazungu pale Cape Town hakuna aliyebisha: mchezaji kamili wa kriketi ni Braima. Shida ni kwamba nje ya hapo hakuna aliyejua kama yupo.

Dunia ilikuwa imeigomea nchi kwa ubaguzi wake, haiiletei timu wala haiialiki. Nao waliobaguliwa wakafungiwa humo humo pamoja na wabaguzi wao. Braima alizoea kusema ni kama kufungwa jela kwa kosa la mwizi aliyekuibia.

Ndipo mwaka 1982 Waingereza fulani wakavunja mgomo, wakaja kucheza kwa mlango wa nyuma, na timu moja ya Wazungu ikahitaji sura moja ya kahawia kwenye picha. Nahodha wao, Viljoen, akampigia Braima simu dukani.

Habari ilimfikia Dawood kabla simu haijapoa. Dawood alikuwa nahodha wa klabu ya Braima, na kaka wa mkewe. Jioni hiyo akawa nyumbani kwao.

"Shemeji, nasikia wametafuta tone la chai la kutia kwenye maziwa yao."

"Nataka kujua kitu kimoja tu kabla miguu haijanikana," Braima alisema. "Ningewaweza, au nisingewaweza?"

"Ungewaweza. Sisi tunajua."

"Ninyi ni kama mama mzazi. Mama gani ana mtoto mbaya?"

"Tulikubaliana wote, Braima. Hatuchezi nao mpaka nchi iwe ya wote. Ukienda, usirudi klabuni. Na siku ya Idi mlango wangu usiubishe."

Moegsina, mke wa Braima, alikuwa jikoni anakaanga sambusa. "Dawood, gomba polepole, mafuta yananirukia." Kisha bila kugeuka: "Baba Rugaya, suruali zako nyeupe nimezifua tangu arusi yetu. Ya huko utaifua mwenyewe."

Braima alingoja acheke. Hakucheka.

Akaenda.

Uwanja ule aliujua kwa upande mmoja tu: nyuma ya waya, jukwaa la wasio Wazungu, alikokuwa akibebwa mabegani na baba yake kuwashangilia wageni. Wageni wowote. Anayecheza dhidi ya Wazungu wa hapa ni wetu, hiyo ilikuwa kama dini. Siku hiyo jukwaa lile lilikuwa na watu wa kuhesabika. Wengine walikuwa wamegoma.

Nyasi zilikuwa laini kama zulia la msikitini. Maisha yake yote Braima alicheza juu ya mkeka wa makumbi uliotandikwa kwenye kokoto, ambapo mpira ukitua huruka mpaka kifuani, nawe unarudi hatua moja nyuma na kuungoja. Kwenye nyasi mpira huteleza chini. Alilijua hilo. Kwenye chumba cha kuvalia alijiimbia kama mtoto wa madrasa: mguu mbele, mguu mbele.

Mwingereza akaja mbio, akarusha. Kichwa kilisema mbele. Mguu, ambao haujawahi kupokea amri ya kichwa, ukarudi nyuma ukaungoja mpira uruke.

Haukuruka. Ulipita chini ya gongo lake la kupigia kama paka chini ya seng'enge, vijiti alivyovilinda nyuma yake vikatawanyika, akawa ametolewa. Mpira wake wa kwanza, na wa mwisho.

Nyuma ya waya wakalipuka kwa furaha. "Ahsante, Mwingereza! Mrudishe kwao!"

"Kwao wapi? Hana!"

Alasiri nzima alisimama ukingoni mwa uwanja, akimngoja Viljoen ampe zamu ya kurusha.

"Tutaona, mzee," Viljoen alisema. Jua likaenda zake, hawajaona.

Baada ya mchezo, yule Mwingereza alimfuata na kikombe cha chai. Kijana mpole, hana baya.

"Ndiyo kwanza unaanza mchezo huu?"

Braima akafungua kinywa. Miaka yote ile ilimjaa mdomoni, vijiti alivyoangusha, mipira aliyoituma barabarani. Nani angemtolea ushahidi? Dawood?

"Ndiyo," akasema.

"Usijali. Siku ya kwanza hayo humtokea kila mtu." Akampiga begani, akaenda kupigwa picha.